Mama Mwanga wa Mlango wa Pili

Asubuhi moja ya mvua nilikuwa nimesimama stesheni ya Midrand, nangoja treni ya kunipeleka kazini Sandton, mwanamke mmoja mzee akaja kusimama mbele yangu. Alikuwa amevaa sweta nene lililofumwa kwa mkono, nalo lilikuwa limelowa chapachapa. Uso wake sikuuona. Ni harufu ya ile sufu iliyolowa iliyonifikia, harufu nzito inayofanana kidogo na ya mnyama, na nikajikuta nimeshika nguzo. Treni ikaja, watu wakaingia, milango ikafungwa, mimi nimebaki palepale. Nilikuwa nimerudi Fordsburg, mtaa wa Johannesburg nilikokulia. Nina miaka saba hivi, nimekaa sakafuni jikoni kwa Bibi Runa, na mama yangu yu hai, anacheka.

Tulikuwa tumepanga nusu ya nyumba moja ndefu ya zamani, ya bati, nyuma ya maduka. Ilikuwa na milango miwili iliyofungukia baraza moja. Mlango wa kwanza ulikuwa wetu, wa pili ulikuwa wa Bibi Runa. Baba alikuwa na kibanda cha mapazia ndani ya soko kubwa la pale mtaani. Aliondoka asubuhi na kurudi jioni suruali imejaa nyuzi. Wazazi wangu walitoka Tanga kabla sijazaliwa. Mimi ni wa hukuhuku, na sisi tuliozaliwa huku tunajuana: shuleni Kiingereza, mtaani Kizulu, na Kiswahili ni cha jikoni, cha kuambiwa njoo ule, nenda kaoge. Nilikielewa chote. Au nilidhani nakielewa chote.

Bibi Runa alikuwa mzungu mrefu, mifupa mikubwa, nywele nyeupe kazisuka mkia mmoja. Kwao ni Aislandi, kisiwa cha baridi ambacho mimi nilikuwa sijawahi hata kukisikia. Ujanani alikuwa mkunga kwenye zahanati moja ya milimani, magharibi mwa Kenya, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake. Kisha akaolewa na mhandisi wa migodi, akamfuata Johannesburg. Mume alifariki, watoto hawakujaliwa, naye akabaki na mashine yake ya kahawa na masweta yake, ambayo aliyaanika barazani hata mvua ikinyesha, kwa hiyo hayakukauka kamwe.

Siku alipotubishia hodi mara ya kwanza alimwambia mama, "Habari yako, jirani. Mimi nasikia nyinyi mnaongea hii lugha, nikalia kidogo."

Mama alisimama mlangoni mkono mdomoni. Alikuwa ameishi mtaani pale muda mrefu akimwona yule bibi anapita na kikapu, wakipungiana mikono tu. "Bibi wee!" akasema. "Kumbe unatusikia siku zote? Na yale tuliyokusengenya?"

"Nasikia yote," alisema Bibi Runa. "Mmesema kikapu yangu imechakaa. Ni kweli."

Wakawa marafiki tangu hapo. Mama alikuwa mpweke kuliko nilivyojua. Alikuwa na sauti ya Kitanga, maneno yake yamenyooka, na hapakuwa na mtu wa kumpa maneno hayo mchana kutwa isipokuwa mimi, niliyemjibu kwa Kiingereza. Sasa alikuwa na Bibi Runa, ambaye kwake kila kitu kilikuwa "yangu" na "yako", kiwe kiti, kiwe mti. "Bibi, Kiswahili chako kimechanika," mama alimwambia, na Bibi Runa akajibu, "Basi nishonee." Mama akamshonea. Wakikaa kumenya viazi, mama humsahihisha, na yule bibi hurudia kama mwanafunzi, kisha hukosea tena palepale.

Mchezo wao mkubwa ulikuwa kupasua maneno. Ndivyo Bibi Runa alivyouita. Alituambia kwao hawapendi kuazima maneno ya watu. Kikija kitu kipya wanachukua maneno mawili ya zamani, wanayashona pamoja. Televisheni wanaiita kuona-kutupa, maana ni kitu kinachotupa picha mpaka nyumbani kwako. Nilicheka mpaka nikalala sakafuni. Mama naye alitafuta ya kwake. Alikuwa na mimba wakati ule, tumbo limeanza kuonekana, akajipiga tumboni na kusema, "Haya, bibi, pasua hili: mjamzito."

Bibi Runa alifikiri. "Mzito najua. Mja?"

"Anayekuja. Mja ni anayekuja. Mjamzito ni mtu anayekuja na uzito."

"Ni nzuri," alisema Bibi Runa taratibu. "Ni nzuri sana. Na yule mwenye kumpokea, mnaita mkunga. Sisi tunamwita ljósmóðir."

Alitamka *lyos-modhir*, ile *dh* ikitoka laini kabisa kama ya kwetu. Ilikuwa mchana na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Miaka ile mgao ulikuwa ndio umeanza kutuzoea. Akapasua neno: *ljós* ni mwanga, *móðir* ni mama. "Mama mwanga. Wengine wanasema ni kwa sababu alishika taa, nyumba zetu zilikuwa na giza sana, za udongo na majani. Wengine wanasema hapana, ni kwa sababu anatoa mtoto kwa giza, anampeleka kwa mwanga. Wenye vitabu wabishane. Mimi nilikuwa hiyo. Mimi ni mama mwanga."

Na palepale, kabla mama hajajibu, friji ikanguruma na taa ya jikoni ikawaka.

Mama alipiga kelele ya kicheko. Akacheka mpaka akashika meza, kwa jambo ambalo mimi sikulielewa. "Bibi, usiseme hivyo mbele ya watu! Mwanga kwetu pwani ni mtu mwingine kabisa. Ni anayewanga, mchawi, anayecheza uchi makaburini. Ukijiita mama mwanga watahama mtaa mzima. Sema mama wa nuru. Nuru. Haya, sema."

"Nuru," alisema Bibi Runa.

Lakini mimi sikuwa nasikiliza tena. Nilikuwa naitazama taa. Nilikuwa nimemwona mtu akisema neno na umeme ukarudi, na kwa mtoto wa miaka saba hilo halikuhitaji maelezo. Tangu siku hiyo umeme ukikatika nilikwenda kugonga mlango wa pili. "Bibi, sema neno lako." Naye alilisema, akicheka, akidhani nimelipenda tu. Wakati mwingine taa ziliwaka jioni ileile, wakati mwingine kesho yake. Nilijiambia neno linachukua muda kufika.

Mimba ya mama haikuwa njema. Naliona sasa, wakati ule nilichoona ni kwamba viatu vyake havimtoshi. Siku moja Bibi Runa alipiga magoti mbele yake, akabonyeza ugoko wake kwa kidole gumba, akaachia. Shimo likabaki. Mimi nikataka kujaribu, nikadhani ni mchezo mwingine, nikabonyeza na kushangilia shimo langu. Bibi Runa hakushangilia. Alingoja baba arudi kutoka sokoni, akamfuata hadi getini.

"Baba Zai, mpeleke hospitali kesho. Miguu imejaa maji, na kichwa inamuuma. Hii mimi naijua."

Baba alimpeleka. Walirudi na vidonge na tarehe ya kurudi, na mama akaambiwa apumzike. Shangazi Saumu, dada yake baba, alipigiwa simu Tanga aje kumsaidia, akasema atapanda basi mwisho wa mwezi. Mama alipumzika kwa namna yake, yaani alikaa kitini akipiga pasi badala ya kusimama.

Ilitokea mchana, kipindi cha baridi, saa ambazo watoto ndio wametoka shule. Umeme haukuwepo. Jikoni kwetu palikuwa na dirisha dogo lililotazama ukuta, na pasipo taa palikuwa kama jioni. Mama alisema anaona nyota. Alisema, "Zai mwanangu, mbona unang'aa hivyo?" Kisha akaanguka kati ya meza na jiko, na mwili wake ukaanza kufanya mambo ambayo hayakuwa yake.

Nilikimbia mlango wa pili. Sikumbuki nilisema nini. Namkumbuka Bibi Runa akiwa tayari ameniacha nyuma, mzee yule, miguu mikavu, sweta la kijivu. Alimlaza mama kwa ubavu, akamshika kichwa, akapiga simu ya ambulansi kwa Kiingereza cha sauti kali ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akampigia baba. Kisha akafungua vifungo vya gauni la mama na kusema bila kunitazama, "Zai, mtoto anakuja sasa. Nipe mwanga."

Alimaanisha nifungue pazia. Mimi nilikwenda kwenye swichi. Niliibonyeza juu, nikaibonyeza chini. Nilikuwa namwangalia yeye, nangoja aliseme lile neno. Juu, chini. Sikuelewa kwa nini halisemi. Nikamwambia, "Bibi, sema! Sema basi!" Akanitazama mara moja tu, macho yake ya bluu hayakunielewa hata kidogo, akasema, "Nenda getini, mama. Simama hapo. Ukiona ambulansi, punga mikono."

Nikaenda. Barabara kuu ilikuwa imefungana. Bila umeme maroboti, yaani taa za barabarani, yalikuwa yamekufa njia panda zote, na hapa Joburg roboti ikifa kila dereva ni mfalme. Niliisikia ambulansi kwa muda mrefu sana kabla sijaiona. Walipofika waliingia na kutoka na mama juu ya machela, na nyuma yao akatoka Bibi Runa amejikumbatia, sweta limefungwa mpaka shingoni, mikono yote miwili imeshika kitu kidogo ndani. Alipanda naye nyuma. Mama mmoja Mkongo wa nyumba ya jirani, msusi, akanishika bega na kunipeleka kwake, akanipa chai, akaniambia, "Usilie, ma chérie, Mungu yuko." Kumbe nilikuwa nalia.

Mdogo wangu alifia njiani. Alikuwa wa kike, ametoka kabla ya wakati wake. Mama alibaki hospitali hana fahamu, na wakati yeye amelala vile, mambo yalifanyika kama dini inavyotaka, bila kuchelewa: wanawake wa msikitini walimwosha mtoto, baba akampa jina la mama yake mzazi, Mwanahamisi, na kesho yake wanaume wakamzika. Mama alipofungua macho, mtoto alikuwa chini ya udongo. Hakumwona, hakumshika wala hakumsikia, maana mtoto hakulia.

Aliporudi nyumbani, Shangazi Saumu alikuwa ameshafika kwa basi. Nataka kumtendea haki shangazi yangu. Alipika, alifua, alimkanda mama kwa maji ya moto. Alikuwa amezika watoto wake wawili, na alijua kuingia chumbani bila kusema kitu. Lakini alikuwa mtu aliyejaa hofu, na hofu yake ilikuwa inatafuta mahali pa kutua.

Asubuhi iliyofuata Bibi Runa alikuja na sufuria ya supu. Shangazi alifungua mlango, mimi nikiwa nyuma ya gauni lake. Hawakuwahi kuonana. Yule bibi alikuwa hajalala, macho mekundu, na Kiswahili alichoshonewa na mama kilikuwa kimemfumuka chote.

"Pole sana," alisema. "Mimi ni wa mlango hii ingine. Mimi nilikuwa na mtoto mpaka mwisho. Mimi ni mama mwanga."

Niliona mgongo wa shangazi ukikakamaa.

"Unasema wewe ni nani?"

"Mama mwanga," alisema Bibi Runa. Akajaribu kutafuta lile neno jingine, nikaona midomo yake ikilitafuta, asilipate. "Rehema, mama ya Zai, anajua. Ni kazi yangu ya zamani."

Shangazi alifunga mlango. Alisoma dua mikono imetandazwa, akamwaga chumvi kizingitini. Baba aliporudi alimkalisha chini. "Kaka, mwenyewe kasema kwa kinywa chake. Sijamsingizia. Alikuwa peke yake na mtoto, mtoto kafa mikononi mwake ndani ya nguo zake, na leo anakuja mlangoni anajitaja!" Baba alisema huo ni ujinga, yule ni mzee wa watu, ni Kiswahili tu. Alilisema mara moja, kwa sauti ya uchovu. Kesho yake akaenda sokoni. Sufuria ya supu ilibaki barazani mpaka ikaganda.

Mimi niliposikia neno *mwanga* likitamkwa kwa hofu namna ile, nilichanganyikiwa. Kwangu lilikuwa na maana moja tu. Nilidhani shangazi anamkasirikia kwa sababu ileile iliyoniumiza mimi: kwamba alikuwa na uwezo wa kuleta mwanga, na siku ile hakuuleta.

Mama alilala akitazama ukuta. Watu walikuja kumpa pole, akawauliza wote swali moja. Aliwauliza wale wanawake waliomwosha mtoto. Alimuuliza baba, mimi nikiwa miguuni pa kitanda. "Alikuwaje?"

Baba aliangalia mikono yake. "Ni mapenzi ya Mungu, mama Zai. Usijitese."

Na wale wanawake walisema, "Alikuwa kama malaika."

"Malaika," mama alisema walipoondoka. Hakuwa akisema na mimi. "Malaika anafananaje?"

Bibi Runa hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo alikaa nje. Kila asubuhi alitoa kiti chake cha mbao, akakiweka upande wake wa baraza, pembeni kabisa, chini ya dirisha la chumba cha wazazi wangu. Hakufuma, hakusoma. Shangazi alipotoka kuanika nguo alimpita bila kumtazama, na yule bibi alimsalimia kila mara. Shangazi aliniambia nisimsogelee. Siku alipokwenda dukani kununua unga, nilitoka.

Nilisimama mbali naye kidogo. Jua la baridi lilikuwa limempiga usoni, na sweta lake lilinuka vilevile.

"Bibi," nikasema, "mbona siku ile hukurudisha taa?"

"Taa gani?"

"Mama alipoanguka. Nilibonyeza swichi. Ulisema wewe ni mama wa mwanga, ukisema neno taa zinawaka. Mbona hukusema?"

Akageuka kitini akanitazama. Nadhani ndipo alipoielewa swichi. Aliinua mkono kunigusa, akaurudisha mapajani.

"Ulikuwa unangoja mimi," alisema.

"Ndiyo."

"Hiyo neno, Zai, ni ya siku nzuri. Haina nguvu. Ni neno tu." Kisha akasema, "Kwetu iko ingine, ya kazi hiyo hiyo. Ya zamani. Bibi yangu alitumia hiyo. *Yfirsetukona*."

Alilitamka *ifir-setu-kona*, na sikuweza kujizuia. "Kona? Kona ya barabara?"

"Hapana. *Kona* ni mwanamke. *Yfir* ni juu ya. *Setu* ni kukaa. Mwanamke anakaa juu ya yule anaumwa. Anamwangalia. Haendi mahali."

"Halafu anafanya nini?"

"Anakaa."

"Basi?"

"Basi," alisema Bibi Runa, na uso wake ukavunjika. Sikuwahi kumwona mtu mzima akilia hivyo, bila kujifunika, maji yakishuka tu kwenye mikunjo. Sikulipenda lile neno. Nililiona neno maskini, halina taa wala kitu chochote ndani yake. Nilitaka lile la kwanza.

Juu yetu pazia likasogea. Mama alikuwa amesimama dirishani, kanga begani, ametusikia.

Shangazi alirudi na unga wakati mama anafika mlango wa mbele, akishika kuta. Walikutana kizingitini. "Wifi, rudi kitandani," shangazi alisema. "Yule mtu mwenyewe kasema yeye ni nani. Mbele yangu, mbele ya mtoto huyu."

"Najua alilolisema," mama alisema. "Nilimcheka kwa neno hilo hilo, jikoni kwake, nikiwa na tumbo langu. Nipishe, wifi."

"Rehema, nakuomba."

"Wote waliomwona mwanangu wananificha. Mmoja anasema mapenzi ya Mungu, mwingine malaika. Huyu ndiye pekee aliyekuwa naye angali hai. Nipishe."

Shangazi alimpisha. Mama alitembea baraza lile fupi kama mtu anayevuka mto, akafika, akajishusha chini sakafuni kando ya kiti. Bibi Runa akateremka kutoka kitini akakaa chini naye. Halafu mama akauliza, "Alikuwaje?"

Bibi Runa alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Alisema polepole, akichagua, na mama hakumsahihisha hata neno moja.

"Nywele yake ilikuwa nyingi. Nyeusi, imelala, kama imechanwa. Sikio ya kushoto imekunjika hapa juu, kidogo tu, kwa sababu alikuwa amelalia. Vidole mrefu. Alishika kidole yangu hii. Si nguvu, lakini alishika."

"Alifungua macho?"

"Mara moja. Gari ilikuwa imesimama kwa barabara, watu wamefunga njia. Alifungua, akaangalia sweta yangu, karibu sana, kama mtu anasoma. Halafu akafunga."

"Alikuwa na baridi?"

"Hapana. Alikuwa ndani, kwa ngozi yangu. Alikuwa na joto mpaka mwisho."

Mama alikuwa ameshika ile sufu kwa ngumi mbili. "Alikuwa peke yake?"

"Hapana, Rehema. Nilikaa naye."

Mama akatoa sauti ambayo alikuwa hajaitoa tangu arudi. Ilidumu. Shangazi Saumu alikuwa bado kasimama mlangoni na mfuko wa unga mikononi. Hakutoka kuwafuata, lakini hakufunga mlango pia. Na mama alipoweza kusema tena, alisema, "Nieleze tena. Anza na nywele."

Akaelezwa tena. Akaelezwa siku hiyo na siku zilizofuata, mpaka mimi nikawa najua kwa moyo, nywele, sikio, vidole, macho. Mwaka uliofuata Bibi Runa alianguka bafuni akavunjika nyonga, na mtoto wa dada yake akaja kutoka Aislandi kumchukua. Mama alimfungia maandazi ya safari, akamwosha nywele, akamsuka. Walikumbatiana getini kwa muda hata dereva akazima gari. Hatukumwona tena. Mlango wa pili wakaingia vijana wa kuuza simu, na sisi baadaye baba akapata duka Midrand, tukahama.

Mama hakupata mtoto mwingine. Aliishi na Mwanahamisi kwa maneno ya Bibi Runa. Wageni walipomuuliza ana watoto wangapi alisema wawili, na akiulizwa zaidi alisimulia: mmoja alikuwa na nywele nyingi, zimelala kama zimechanwa. Alisimulia kama mtu aliyeona. Baba akiwepo sebuleni, kila mara alikuwa na sababu ya kuinuka, kwenda kuangalia geti, kwenda kuzima kitu jikoni. Nilimchukulia kuwa mtu asiyependa kukumbuka. Nilimkasirikia kwa hilo miaka mingi.

Mama alifariki mwaka huu. Moyo, walisema, ulikuwa umechoka tangu zamani. Sisi wanawake hatukwenda kaburini, lakini baada ya watu kutawanyika nilikwenda kumchukua baba makaburini kwa gari, kwa sababu alikataa kupanda na wengine. Nilimkuta amesimama peke yake, udongo kwenye kanzu mpaka magotini. Aliingia, akafunga mkanda. Nikaingia barabara kuu.

Kisha akasema, akitazama mbele, "Alikuwa na kishimo kidevuni."

Nilidhani anamsema mama, ambaye kweli alikuwa nacho. "Ndiyo, baba."

"Mtoto," alisema. "Nilimfunua uso nilipomlaza kaburini. Kilikuwa palepale, kama cha mama yake. Runa hakukiona, kwa sababu alikuwa amemlaza kifuani, kidevu kimeangalia chini. Na wale waliomwosha hawakukitaja. Ni mimi tu niliyejua."

Nilisimamisha gari pembeni ya barabara. Malori yalikuwa yakipita, gari letu likitikisika kila lori lilipopita.

"Baba, mbona hukumwambia? Miaka yote hii. Angetoa roho yake asikie neno hilo moja."

Baba aliangalia mikono yake, akaanza kuukwangua udongo kwenye kucha, moja baada ya nyingine.

"Aliniuliza mara moja, nikashindwa," alisema. "Nikawa nangoja aniulize tena."